Walifuta Jina, Sauti Ikabaki

Kalekye alikuwa na mdomo mzito, na kwa kazi yake huo ulikuwa utajiri. Kule kwao, chini ya kilima cha Nuu, maneno hayalali njaa. Ukikohoa asubuhi, jioni watu wameshakuzika na kugawana mbuzi wako. Lakini ukimwambia Kalekye, umeliambia kaburi. Ndivyo walivyomtania, "Mama Kaburi", naye akicheka, maana aliujua uzito wa jina hilo kuliko hao waliompa.

Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Si daktari, si muuguzi. Alitembea nyumba hadi nyumba na begi lake mgongoni, akipima presha za wazee, akizungushia watoto utepe mkononi aone kama wamekonda, akiwauliza wajawazito kama wamefika kliniki au wamekaa tu wakingoja neema. Alijua nani ana kifafa anachokiita malaria. Alijua mke wa mzee gani wa kanisa anapanga uzazi kisirisiri huku mume akiamini Mungu ndiye aliyefunga tumbo. Haya yote alilala nayo na kuamka nayo. Mumewe, Ndolo, aliwahi kumchokonoa: "Kwani kwa wale jirani kuna nini, mbona huishi kwenda huko?" Kalekye akamjibu, "Wana mbuzi mzuri, naenda kumwangalia." Tangu siku hiyo Ndolo hakuuliza tena.

Sasa katika siri zote alizobeba, iliyomlemea zaidi ilikuwa ya Nzisa.

Nzisa na Kalekye walikuwa marafiki tangu usichana, tangu enzi za kufukua mchanga wa mto mkavu ili wachote maji. Kalekye alipewa mdomo mzito, Nzisa akapewa sauti. Na ilikuwa sauti kweli, jamani! Kule kwao mtu akifa, watu hukusanyika kwake kila jioni kuimba na kuomba mpaka siku ya kuzika, na aliyeanzisha nyimbo hizo alikuwa Nzisa. Akiita, wengine wanaitikia. Sauti ile ikivuka bonde, mtu alisimamisha jembe na kuuliza, "Leo ni kwa nani?" Hata marehemu uwe humjui, ungelia. Watoto walioanza kusema juzi waliijua sauti ya Nzisa kabla hawajamjua Nzisa mwenyewe.

Nzisa alikuwa na virusi. Alikuwa navyo miaka na miaka, na alikuwa mzima kama mimi na wewe, kwa sababu dawa alimeza kila siku bila kukosa. Vilikuja na mumewe, Mbaluka. Mbaluka alikataa kupimwa, akakataa dawa, akakonda mpaka akaisha. Mama yake, Kanyiva, mwanamke mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, aliambiwa mwanawe ameuawa na kifua. Akaamini. Kila alipomtaja mwanawe alisema, "Kifua kilinichukulia mtoto," na waliokuwepo wakaitikia, "Woi, mwaitu, pole," yaani mama, pole.

Kanyiva na Nzisa walikaa boma moja, wakila sufuria moja. Mzee alimtambua mke wa mwanawe kwa sauti tu. Nzisa akirudi kutoka shambani alianza kuimba akiwa bado njiani, ili mzee asishtuke.

"Mimi siogopi watu, Kalekye," Nzisa alimwambia siku moja, wakisuka viondo, vile vikapu vya kamba. "Watu nitawazoea, nao watanizoea. Lakini huyu mama, acha aende kwa Mungu akijua mwanawe aliuawa na kifua. Hicho tu ndicho ninachokuomba."

"Umeniomba, basi imekwisha," Kalekye akasema.

Na akatimiza. Dawa hazikuchukuliwa hapo Nuu, ambako mtu anakuona umesimama foleni ipi. Kalekye alizichukua mjini Mwingi, akazitia chini ya kiondo, juu akamwaga ndengu, akapita nazo sokoni akisalimia watu mmoja mmoja. Hata waliomsaidia kujitwika kiondo hawakujua wamebeba nini.

Ndipo ukaja ule mradi.

Aliyetumwa aliitwa Kimeu, kijana kutoka mji wa Salama aliyesomea Nairobi, mpole, mwenye heshima, Kikamba chake kimechanganyika na Kiingereza kama mahindi ya muthokoi na maharagwe. Usimchukie, maana hakuwa mtu mbaya. Aliwakusanya wahudumu wa afya akawaeleza kwamba kuna akili mnemba, mashine inayoweza kusikiliza mgonjwa na kumshauri mhudumu la kufanya. Kiingereza inakijua, Kiswahili inakijua. Kikamba hapana.

"Mama mzee akiieleza anaumwa wapi, inabaki imeduwaa tu," Kimeu akasema. "Lazima isikie watu wetu wakiongea. Watu wa kweli, wakisema ugonjwa kwa maneno yao."

Kalekye alifurahi kutoka moyoni. Mara ngapi amekaa na mgonjwa, kliniki iko mbali, mto umefurika, na hajui cha kufanya? Mashine ya kumshauri kwa Kikamba ingeokoa watu. Lakini kaburi ni kaburi, akauliza:

"Na siri za watu je?"

"Jina linafutwa, mama. Hata likitajwa, linazibwa. Jina la kijiji, namba ya simu, kitambulisho, vyote vinaondolewa. Hakuna atakayejua ni nani."

Kalekye akaridhika. Kwake siri ilikuwa jina. Ukisema, "Kuna mtu anaumwa," hujasema kitu. Ukisema, "Nzisa anaumwa," umeua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyoishi. Kimeu naye alitoka mjini, ambako sauti isiyo na jina haina mwenyewe. Wote wawili wakatikisa vichwa, wakakubaliana, na hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Kimeu alitaka mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, anayejua kuzungumza, mwenye Kikamba kisichovunjika. Sasa ni nani Nuu nzima aliyezungumza Kikamba kama Nzisa? Kalekye akamwendea.

"Ni wao wanaoniomba, au ni wewe?" Nzisa akamuuliza.

"Ni mimi."

"Basi nitasema."

Kimeu akamsomea karatasi ya ridhaa, haraka haraka, na ndani yake mlikuwa na maneno "mafunzo na maonyesho ya mradi". Nzisa akamtazama Kalekye, Kalekye akaitikia kwa kichwa, na Nzisa akatia sahihi. Wakakaa pembeni mwa ghala la mtama, siku ambayo Kanyiva alikuwa amepelekwa kanisani. Kimeu akawasha kinasa sauti, na Nzisa akasema yote. Alianza kama alivyoanza kila neno lake zito: "Keti kwanza, mwana wa mama, nikwambie." Akasema jinsi alivyojua, jinsi alivyolia, jinsi dawa zilivyomrudisha. Mara akacheka. Mara akanyamaza. Alipomaliza alishusha pumzi ndefu.

"Unajua sijawahi kuisema yote?" akamwambia Kalekye. "Hata kwako. Nimekuwa mwepesi."

Kalekye aliyakumbuka maneno hayo baadaye mpaka yakamchoma.

Mvua zilipita, ndengu zikavunwa, na mradi ukaja kuonyesha ulichofanya. Hema likasimamishwa pale senta, penye maduka. Viti vya plastiki, spika kubwa, soda kwa wageni. Chifu alikuwepo, mchungaji alikuwepo, kina mama wa kwaya walikuwepo na vitambaa vyao vya buluu, Nzisa kati yao, maana wao ndio waliopangiwa kuimba baada ya mashine. Mzee Kanyiva aliwekwa mbele kabisa, karibu na spika, kwa ajili ya macho yake.

Kimeu akasimama. "Sasa mtasikia mgonjwa akiongea Kikamba, halafu mashine itamjibu kwa Kikamba." Watu wakapiga makofi. Vijana wakainua simu zao kurekodi. Kikamba ndani ya mashine! Nani amewahi kuona?

Spika ikakohoa, kisha ikasema: "Keti kwanza, mwana wa mama, nikwambie."

Kanyiva alikuwa wa kwanza kuitambua. Alipiga makofi, akageuka huku na huku kwa furaha, mdomo wazi. "Ai! Ni Nzisa! Ni mke wa mwanangu huyo! Mnamsikia? Nzisa wetu ameingia kwenye mashine!"

Watu wakacheka naye. Kisha sauti ikaendelea.

"Mume wangu," ikasema, halafu pale penye jina la Mbaluka pakalia *tiiit*, "ndiye aliyeniletea virusi. Alikataa dawa mpaka akafa. Mama yake tulimwambia ni kifua."

Makofi ya Kanyiva yalikoma, mikono ikiwa bado imetazamana.

Kalekye alikimbia kuelekea kwenye ile spika kama mtu anayekimbilia mtoto aliyeanguka motoni. "Zima! Kimeu, zima!" Kimeu hakuelewa. Aliangalia kompyuta yake, akaona jina limezibwa vizuri, kijiji kimeondolewa, akashangaa tatizo liko wapi. Alipozima, mashine ilikuwa imeshaanza kujibu kwa Kikamba safi kabisa, ikimshauri mama yule aendelee na dawa zake.

Mwenye kipaza sauti, kwa kuwa ratiba ni ratiba, akasema, "Sasa tuwakaribishe kwaya." Hakuna aliyesimama.

Usidhani watu walimtukana Nzisa. Heri wangemtukana. Hawa ni watu wa kanisa. Jumapili mchungaji alimwombea kwa jina, mikono juu, "dada yetu Nzisa katika jaribu lake," na waumini wakasema amina huku wakitazama viatu vyao. Jirani alimkaribisha chai, na alipoondoka kikombe kikawekwa mahali pake peke yake. Shemeji yake, Munyao, mdogo wa marehemu, alikuja bomani akasema bila haya, "Kumbe ndugu yetu ulimuua wewe." Sauti ilikuwa imesema vingine, lakini Munyao alisikia alichotaka kusikia. Na Kanyiva, ambaye angeweza kumnyamazisha kwa neno moja, alikaa mlangoni kwake, macho yake ya ukungu yakitazama njia, asiseme kitu. Sufuria zikawa mbili.

Halafu akafa mzee mmoja ng'ambo ya bonde. Nzisa akajifunga kitenge, akakaa nje kungoja aitwe kama alivyoitwa siku zote. Jioni ikaingia. Wimbo ukaanza kule ng'ambo, sauti ya msichana fulani wa kwaya, nyembamba, ikitetemeka. Nzisa akafungua kitenge chake akaingia ndani.

Kalekye alikwenda kila alipoweza. Mlango haukufunguliwa. "Acha kiondo hapo," Nzisa alisema kutoka ndani, na hilo tu.

Kimeu alirudi Nuu peke yake, bila gari la mradi, akaketi jikoni kwa Kalekye akashindwa kunywa chai. "Mama, kila kitu kilifuata sheria. Ridhaa tulichukua. Jina tulifuta."

"Jina!" Kalekye akampasukia, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Nzisa akikohoa msituni, mbuzi watasema ni Nzisa! Wewe umefuta jina ukaacha mtu mzima!" Kisha akakaa, akafunika uso kwa leso. "Na mimi nilikuwa wapi? Nimemsikia kwenye kila msiba tangu tuwe wasichana. Mimi nilikuwa na masikio ya nini?"

"Tumeiondoa kwenye maonyesho," Kimeu akasema polepole. "Imefutwa."

"Na mashine imeisahau?"

Kimeu akazungusha kikombe. "Mashine haisahau hivyo, mama. Ilichojifunza kimeshaingia."

"Na wale waliorekodi kwa simu?"

Sauti ile ilikuwa imeshapita kwenye magrupu ya WhatsApp, ikavuka Mwingi, ikafika Kitui mjini, watu wakitumiana na kuulizana ni mama wa wapi huyo mwenye Kikamba kitamu hivyo.

Nzisa akaondoka. Hakuaga mtu. Kalekye alimtafuta kwa kuuliza huku na huku, akashika barabara ile ya Kitui hadi Kibwezi, akampata mbele zaidi, mjini Mtito Andei, katika hoteli ya wenye malori karibu na kituo cha petroli, akisukuma chapati nyuma ya pazia.

"Unamtaka Bubu?" mwenye hoteli akamuuliza Kalekye. "Mfanyakazi mzuri, lakini hasemi. Mungu amemnyima."

Kalekye akafunua pazia, akamwita nje.

Wakakaa nyuma ya hoteli, karibu na mitungi ya maji. Nzisa alikuwa amekonda. Alizungumza kwa kunong'ona, akitazama mlangoni kwanza.

"Hapa wanapita watu wa kwetu," akasema. "Nikifungua mdomo nitajulikana. Dereva mmoja alinichezea ile sauti kwenye simu, mbele yangu, akaniuliza kwa ishara kama namjua mama huyo. Nikatikisa kichwa."

"Na dawa? Hapa kuna kliniki, Nzisa."

"Kliniki wataniuliza mimi ni nani. Nitajibu kwa sauti gani? Na nikijibu, wanaiandika kwenye kompyuta."

"Basi chukua hizi." Kalekye akamsogezea kiondo, chenye ndengu juu. "Nisamehe, mwana wa mama. Wewe ulisema kwa sababu yangu."

Nzisa akaingiza mkono kwenye ndengu, akaziacha zikimwagika kati ya vidole. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Aliuliza, "Mama alisema nini?"

Alimaanisha Kanyiva. Kalekye angeweza kumdanganya, na baadaye alitamani angalifanya hivyo. "Hajasema kitu," akajibu.

Nzisa akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye chapati zake.

Hakukaa sana. Habari ya kifo chake ilipofika, Kalekye alikwenda na Ndolo kumchukua. Katika chumba chake walikikuta kile kiondo kimetundikwa ukutani, ndengu juu, dawa chini, pakiti hazijafunguliwa. Daktari aliandika kwamba aliuawa na kifua, na ilikuwa kweli, kilikuwa kifua. Lakini Nuu, safari hii, hakuna aliyeamini.

Walimzika bomani, kando ya Mbaluka. Watu walikuja wengi mno, maana aibu nayo huleta watu. Ilipofika wakati wa kuimba, kila mtu alimngoja mwenzake. Msichana yule wa kwaya akaanza, akapanda juu mno, sauti ikamkatikia njiani. Hakuna aliyempokea. Ulikuwa msiba wa kwanza hapo, tangu Kalekye awe mtu mzima, uliokosa wimbo.

Kanyiva alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba karibu na jeneza, mkono wake juu ya ubao.

"Nilikasirika," akasema, si kwa mtu yeyote. "Nilikasirika kwa kudanganywa. Nikasema, acha nipoe kwanza, halafu nitamwita tule pamoja. Nilipopoa nikaita, hakuitika." Akapapasa ubao ule. "Jioni zote nasikiliza njiani. Najua amekufa, lakini nasikiliza."

Kisha akainua uso, akageuza macho yake ya ukungu kuelekea pale alipofikiri Kalekye amesimama.

"Kalekye. Kwenye ile mashine, ile siku, alisema vizuri sana. 'Keti kwanza, mwana wa mama.' Niwekee nimsikie. Aseme tu, hata kama ni yale maneno. Nani anayo? Si mtu mmoja wenu anayo?"

Munyao alitazama chini. Mchungaji alifunga Biblia yake taratibu. Kina mama wa kwaya walishika vitambaa vyao, vijana wakasogeza mikono mifukoni wakazibana simu zao, kwa maana ilikuwa humo, kwa karibu kila mmoja wao, na kuitoa ilikuwa kukiri kwamba aliitunza, na aliisikiliza, na aliituma.

Kalekye alikwenda akapiga magoti mbele ya mzee. Yeye simu yake haikuwa na sauti ile. Aliyokuwa nayo ni siri moja ya mwisho ya kumfichia Nzisa, kwamba bado anazungumza mifukoni mwa watu.

"Haipo, mwaitu," akamwambia, akiushika mkono wake. "Ilifutwa."